Mkunga na Mikrofoni Zake Mbili

Nusu ya mtaa wa Kiponda, mjini Unguja, ilipitia mikononi mwake, na nusu hiyo hakuipa nafasi ya kusahau. Ukimjibu vibaya dukani, ukimpita njiani bila ya kumwamkia, alisimama pale pale akakutangaza: "Wewe nlikutoa mimi. Ulitoka miguu mbele, ubishi wako nnaujua tokea siku hiyo." Nimewaona watu wazima, wenye ndevu na makoti, wakiinamisha vichwa mbele ya muuza mboga kwa maneno hayo. Wengi walijifunza kumwamkia kwa mbali, kabla hajawaona vizuri. Mimi sikuzaliwa mikononi mwake. Sisi tulihamia mtaani katikati ya miaka ya themanini, nikiwa tayari msichana mwenye akili zangu, na nadhani ndiyo maana tukapatana. Hakuwa na la kunishikia.

Jina lake sitalitaja, na wala halikuwa likitumika. Ukiiuliza nyumba yake kwa jina ungezungushwa vichochoro vyote ukarudi ulikoanzia. Ukiuliza kwa Mkunga ungepelekwa mpaka mlangoni. Ya ukoo wake wapo watakaoyaeleza vizuri kuliko mimi. Mimi namweleza kama nilivyomjua: mwanamke mfupi, mpana, miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya shingo, ambaye alipostaafu kuzalisha alikataa kukaa kitako na kungojea wajukuu. Alikigeuza chumba chake cha ghorofani kuwa studio ya kurikodi nyimbo za wanawake, akanunua mikrofoni za bei nafuu akiwa na umri ambao wenzake walikuwa wananunua miswala, na akawashinda waliomcheka. Nasema akawashinda, na sitaki mtu anisahihishe.

Kitu cha kwanza ulichokijua nyumbani kwake kilikuwa sabuni. Palikuwa na beseni na birika kwenye kipembe cha ngazi, na hakuna aliyepita bila ya kunawa. Alikuwa ameacha kazi ya hospitali, lakini hospitali haikumwacha yeye. Unanawa kabla ya kula, sawa. Unanawa kabla ya kumshika mtoto, sawa. Lakini pale ulinawa hata kabla ya kugusa redio. Baadaye alipokuwa na mikrofoni, waimbaji walinawa mpaka viwiko. Kuna bibi mmoja mpiga ngoma alimwambia, "Mie nnapiga kwa mikono, simzalishi mtu hapa." Mkunga akamjibu, "Hujui utakachokizaa," akamkabidhi sabuni.

Masikio yake yalikuwa balaa. Miaka yote ya kazi alikuwa akisikiliza matumbo kwa ile pembe ya mti, upande mmoja tumboni kwa mama, upande wa pili sikioni kwake, akitafuta mapigo ya moyo mdogo kuliko kokwa ya tende. Wodi nzima inalia, mafeni yanalia, na yeye amefumba macho ameupata. Masikio hayo hakuyaacha kazini. Alijua nani anapanda ngazi zake kwa namna mbao zilivyolalamika. Aliweza kukuambia kwamba jiko lako la mafuta linataka utambi mpya, na yeye yuko nyumba ya pili. Nyimbo zikipigwa redioni, alikuwa akizima pale fidla ilipoteleza kidogo tu, halafu akakaa amekasirika kana kwamba ametukanwa.

Sasa mtu wa masikio hayo ungetaraji aimbe. Sauti yake ya kuimba ilikuwa mbaya. Sisemi haikuwa nzuri. Ilikuwa mbaya, ya kukwaruza, na ilikwenda ilikotaka. Harusini shoga zake walimpa sinia la halua alizungushe kila wimbo ulipoanza, na yeye alilijua kusudio lao akalizungusha kwa furaha. Hili la kuzipenda nyimbo na kunyimwa sauti sikumsikia hata siku moja akililalamikia. "Mungu kanipa masikio," alisema. "Angenipa na mdomo ningelikuwa na kiburi." Kana kwamba hakuwa nacho.

Alikuwa mtu wa swala tano na uradi mrefu, na hapo hapo alizijua nyimbo za kumfunda bibi harusi ambazo siwezi kuziandika hapa. Alichukia porojo, na alisema kutwa. Sukari aliifungia kabatini na kutupimia kwa kijiko cha dawa, lakini akisikia kuna mzazi hana nguo za mtoto, alivua shuka kitandani kwake mwenyewe. Simu hakuipenda mpaka mwisho, akisema mtu asiyeonekana hawezi kuaminiwa, na bado kazi yake ya pili yote ilikuwa ni kuwafanya watu wasikike bila ya kuonekana. Nilipomwambia hivyo aliniambia ninawe mikono.

Kazi hiyo ya pili aliianza kwa sababu ya mwanamke mmoja wa kijiji cha Paje aitwaye Mize, mkulima wa mwani. Mize aliletwa mjini kujifungua mtoto wake wa mwanzo, akashikwa na uchungu wa kutwa nzima, na badala ya kulia akaimba. Mkunga alinisimulia mara nyingi, na kila mara alisita mahali pale pale. "Nshawasikia wanawake wakilia kwa kila namna, mwanangu. Wanaomwita mama, wanaomlaani mume, wanaonilaani mimi. Yule peke yake ndiye aliyeimba. Wodi ikanyamaza. Na mimi nikasahau kazi yangu, wallahi, mpaka mtoto akanikumbusha." Tangu siku hiyo alikuwa akishika njia kwenda Paje kila alipopata nafasi, kumsikiliza Mize na kikundi chake wakiimba.

Alitaka sauti ile isikike redioni. Hicho ndicho alichokitaka, na hakukificha. Kwanza walirikodi kwa redio kaseti, uani kwa Mize, kuku na upepo na yote. Kaseti ikapelekwa, ikarudishwa. Mtangazaji alisema kwa adabu kwamba nyimbo nzuri, ila sauti inatoka kama wameimbia ndani ya debe. Neno hilo halikukaa redioni. Lilifika Paje kabla ya kaseti yenyewe, na mume wa Mize, Makame, mwashi aliyekuwa akijenga mahoteli ya pwani, akalikuta kazini linamsubiri. Mafundi wenzake wakimwona tu hugonga ndoo za chokaa na kuuliza mkewe ataimba saa ngapi.

Makame hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili kwa sababu wakati ule nilimchukia. Alikuwa mkimya, mwenye haya, na kuchekwa kulimuumiza kuliko alivyoweza kusema. Studio za mjini alizikataa tangu mwanzo: chumba kidogo, mlango umefungwa, wanaume watupu, na mkewe ndani. Hapo hata mimi nisingembishia. Baada ya lile debe alikuja mwenyewe mjini, akanawa mikono kwenye kipembe cha ngazi bila ya kuuliza sababu, akakaa na kusema na Mkunga akitazama busati.

"Bi Mkunga, mimi nakuheshimu. Watoto wangu wote umewapokea wewe. Arikodi tena mara moja, humu ndani kwako, wanawake watupu. Lakini wakimcheka tena, basi. Aimbe jikoni kwake, aimbe akibembeleza watoto. Nje, basi."

"Na wasipomcheka?" aliuliza Mkunga.

"Wasipomcheka..." alisema Makame, na hakumaliza. Nadhani hakuwahi kulifikiria.

Alipoondoka, Mkunga alifuta miwani kwa ncha ya kanga. Halafu akaniuliza, mimi niliyekuwa nikifundisha kompyuta kwenye skuli moja ya mjini na kwa hivyo kwake nilikuwa mjuzi wa kila kitu chenye waya: "Hao wa redio wanarikodi kwa kitu gani?"

Nilimweleza kama nilivyojua. Kwamba mikrofoni ya kawaida, ile ya jukwaani, husikia kinachopigiwa kelele mbele yake. Lakini ipo nyingine, kondensa, ndani yake mna utando mwembamba kabisa, na lazima ilishwe umeme kupitia waya wake ndipo isikie. Ikishalishwa inasikia mpaka pumzi. Kwamba zamani zilikuwa za mashirika makubwa tu, lakini sasa, miaka hii ya elfu mbili ilipoingia, zimeanza kuja za bei ya kununulika, kutoka China kupitia Dubai. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo la nadra. "Inasikia mpaka pumzi," alirudia. "Basi hiyo ni mkunga mwenzangu. Twende Darajani."

Duka lilikuwa la Mwarabu mmoja wa mjini; babu zake walikuwa na mashamba ya karafuu, yeye ana spika. Alimwona Mkunga anaingia na nikamwona anavyotafuta pa kupitia, lakini duka lilikuwa na mlango mmoja. "Wewe," Mkunga alimwambia hata kabla ya salamu, "ulitoka na kitovu shingoni. Nlikufungua mimi." Basi bei ilikuwa ishaanza kushuka.

Muuzaji alitoa kwanza mikrofoni ya fahari, imelazwa kwenye mahameli ndani ya sanduku la rangi ya fedha. Mkunga hakuigusa. Alivaa hedifoni juu ya mtandio, akafumba macho, akaniamrisha nisimame mwisho wa duka. "Chana karatasi." Nikachana. "Tikisa bangili." Nikatikisa. "Sasa meza mate." Wateja walikuwa wananitazama; nikameza. "Haya. Toa zile za rahisi."

"Bi Mkunga, zile za rahisi ni za kuanzia tu..."

"Na mimi si ndo naanza? Toa."

Akaziunganisha moja baada ya moja na kisanduku cha kuchanganyia sauti kilichokuwa pale dukani, na mimi kila mara nachana karatasi, natikisa bangili, nameza mate mpaka koo likanikauka. Baadhi zilivuma. Nyengine zilisikia upande mmoja tu. Muuzaji akaona maboksi yote ya duka yanafunguliwa, akaanza kuomba: zote sawa hizi, zimetoka kiwanda kimoja. Mkunga akafungua jicho moja. "Na nyie mmezaliwa hospitali moja. Mko sawa?"

Mwisho akaziinua mbili kutoka katika lile rundo. Alisema zimenisikia nameza na hazikuongeza la kwao. Muuzaji akaiashiria ile ya fahari: "Na hii je?" Mkunga akasema, "Na hiyo imesikia. Lakini inasikia na kujisifu. Bei haina masikio, mwanangu." Nilimwuliza kwa nini mbili, na mwimbaji ni mmoja. Alinitazama kwa huruma. "Sijapata kwenda kuzalisha na mkasi mmoja."

Kabla hatujaondoka muuzaji alikwishamwongezea kile kisanduku kwa bei ya kumwondoa, pamoja na waya, na stendi mbili, na mtu wa kutubebea. Nilitembea nyuma yake kupita Darajani na nilijisikia kama tumeteka mji.

Chumba ndicho kilichotutoa jasho. Nyumba zetu hizi kuta zake ni nene, hazipitishi kitu, lakini ndani sauti inagonga chokaa na kurudi. Mkunga alipiga makofi katikati ya chumba, akasikiliza, akasema, "Kitu hiki kinajibu. Sitaki chumba chenye majibu." Zikapanda kanga ukutani, hazikusaidia chochote. Yakapanda magodoro ya sufi, mabusati, blangeti la hospitali ambalo sikuuliza limefikaje. Kabati kubwa la nguo likafunguliwa milango ili nguo zinywe sauti. Jirani mmoja alipoona magodoro yanapandishwa akauliza kama Mkunga amefungua nyumba ya wageni.

Halafu kuna mtaa. Mikrofoni inayosikia mpaka pumzi inasikia pia, kupitia mianya ya madirisha, kunguru, muuza kahawa anavyogonganisha vikombe vyake, mpira wa watoto, na adhana za misikiti yote iliyotuzunguka, ambayo haianzi pamoja wala haimalizi pamoja. Adhana haiombwi ipunguze. Kwa hivyo Mkunga akachagua ule muda baina ya adhuhuri na alasiri, watu wamekula, mtaa umelala. Akazunguka nyumba kwa nyumba kuomba kimya cha siku moja, na aliomba kwa namna yake: "Wewe nlikutoa mimi." Muuza kahawa alikuwa mtu wa Tumbatu, hakumtoa yeye, hivyo huyo ilibidi aombwe kwa adabu. Akakubali mara moja.

Siku ikafika. Mize na wenzake walikuja na gari ya kukodi, wamevaa sare, wamebeba ngoma zao kwenye mikeka. Makame naye alikuja, akakaa barazani chini, amekunja mikono, hakutaka hata maji. Nikapanda ngazi, nikanawa, na harufu ya udi ikanipokea kabla ya mlango. Hilo halikunishangaza. Wageni wanakuja, shughuli ipo, lazima nyumba ifukizwe. Kilichonishangaza ni kwamba stendi moja ilikuwa haina kitu, na katikati ya chumba palikuwa na kile kikapu cha kufukizia nguo, kimepinduliwa juu ya chetezo, na Mkunga amekaa pembeni yake kwa utulivu wa mtu aliyemaliza kazi nzuri.

"Bi Mkunga. Chini ya kikapu mna nini?"

"Mikrofoni," alisema. "Nshaifukiza. Kitu kipya hakiingii kwenye shughuli ya watu hivi hivi. Nimetia na ubani kidogo, kwa mahasidi. Sasa naitia na nyengine."

Nilimwahi mkono. Ile ya pili bado ilikuwa ndani ya boksi lake, Mungu ana rehema. Ya kwanza niliitoa chini ya kikapu ikiwa na joto, inanukia kuliko bibi harusi. Niliichomeka, nikavaa hedifoni, nikasikia mchakariko kama mihogo inakaangwa. Nilimpa asikilize mwenyewe. Nikamweleza kwamba ule utando ndani ni mwembamba kuliko ganda la kitunguu, na moshi wa udi una mafuta, na mafuta yamekwishakaa.

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono mapajani, hedifoni shingoni, na katika miaka yote niliyomjua sikuwahi kumwona hivyo. Wanawake wa Paje walisimama ukutani. Mize alitazama dirishani, upande wa baraza, na nilijua anamfikiria nani. Nilitaka kulia. Mwanamke huyu alifanya kila kitu kwa heshima, hata mikrofoni aliipa heshima ya mgeni, na heshima hiyo ndiyo iliyotufikisha pale.

Halafu Mkunga akaniuliza, kwa sauti ya wodini, sauti niliyokuwa sijapata kuisikia kwa sababu sikuwahi kuwa mgonjwa wake: "Ameumia wapi?"

"Nini?"

"Usilie, nieleze. Ameumia wapi? Hasikii kabisa, au hasikii baadhi?"

Tukaiweka karibu na taa ya meza ipate joto kavu, na yeye akakaa anaisikiliza. Ile mihogo ikapungua, ikapungua, ikanyamaza. Akaniambia nichane karatasi. Akatikisa kichwa. Nikatikisa bangili. Akatikisa kichwa tena. Halafu akamwashiria yule bibi mpiga ngoma, ambaye siku hiyo ya mwanzo alikwishanawa bila ya ubishi, apige mara moja tu, polepole. Bibi akapiga. Uso wa Mkunga ukafunguka wote.

"Sauti nyembamba hasikii," alisema. "Nene anasikia. Tena anaisikia vizuri kuliko mimi. Basi huyu apewe ngoma. Yule mzima apewe Mize. Haya, simameni, mnangoja nini? Alasiri haitungoji!"

Nikaisogeza ile ya udi mpaka karibu na ngozi ya ngoma. Ile nzima tukaiweka mbele ya Mize, na Mkunga akamrudisha nyuma, akamrudisha tena, kwa sababu Mize alizoea kuimba ufukweni na kushindana na upepo, mpaka mgongo ukagusa nguo za kabatini. "Hapo. Sasa imba kama ulivyoniimbia mimi. Hakuna upepo humu. Hapa unasikilizwa."

Mize aliimba wimbo wake mwenyewe, wa mama anayemngojea mtoto aliyechelewa kuzaliwa. *Njoo mwanangu, nyumba nshafagia.* Nilikuwa nimevaa hedifoni na nilisikia kila kitu: ulimi unavyogusa meno, pumzi inavyoingia kabla ya ubeti, wenzake wanavyomwitikia kutoka ukutani kwenye magodoro, na chini yake ngoma, nzito, ya duara, bila ya makali hata kidogo. Sikuwahi kusikia ngoma ya kwetu ikatoka hivyo kwenye mashine yoyote. Mkunga alisimama katikati ya chumba, amefumba macho, midomo imebanwa kwa nguvu ili asije akaitikia. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, kwa kuogopa kanga isichakarike.

Pigo la mwisho lilipomalizika hakuna aliyetikisika mpaka niliponyanyua mkono. Ndipo vigelegele vikapasuka, na hivyo havikurikodiwa, maana vingezivunja mikrofoni zote mbili. Adhana ya alasiri ikaanza tukiwa bado tunakumbatiana.

Kule redioni, mtangazaji aliusikiliza wimbo mbele yetu, mara ya kwanza na mara ya pili. Nilimtazama Mkunga na nikaona ameshika kamba ya miwani yake. Yule bwana akavua hedifoni na swali lake la kwanza halikuwa juu ya mwimbaji wala utunzi. Aliuliza, "Ngoma hii mmeirikodi kwa mikrofoni gani?"

Mkunga akasema, "Ya udi."

Mtangazaji akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeijua kampuni hiyo. Tulitoka nje, tukafika mpaka kona, na hapo ndipo tulipoangua kicheko. Haukupita muda mrefu, wenye studio za mjini wakawa wanakwenda kwa yule Mwarabu wa Darajani kuulizia mikrofoni ya udi, na yeye, mfanyabiashara mtoto wa wafanyabiashara, aliwaambia zimekwisha.

Wimbo ulipigwa Sikukuu, wakati wa jioni, watu wamekaa wanakula na redio ziko wazi. Mtaani kwetu ulitoka madirishani kote. Kule Paje, Mize ndiye aliyetusimulia, Makame alikuwa barazani na mafundi wenzake. Waligundua ni nani alipotajwa mwishoni. Mmoja wao, yule yule bingwa wa kugonga ndoo, akauliza kwa sauti ndogo, "Makame, huyo ni wa kwako?" Makame akasema, "Huyo ni mke wangu." Halafu akaenda zake nyumbani, akamkuta Mize jikoni, akasimama mlangoni, akachukua ndoo akaenda kumtekea maji. Mkunga aliposikia hadithi hiyo alipiga paja lake. "Wasipomcheka," alisema. "Sasa kamaliza sentensi yake."

Niliondoka Unguja kufuata kazi ya mume wangu bara, na miaka ikapita. Nilipata habari zake kwa vipande: kwamba waimbaji wanatoka mpaka Fumba na Kidichi kuja kwake, kwamba akina mama wanapanga zamu, kwamba amezeeka, ngazi anapandishwa, lakini hedifoni hamwachii mtu. Nilikuja kumwona mwisho mwisho wa ile miaka ya elfu mbili, mchana mmoja, bila ya kumwarifu. Niliingia kwenye kichochoro chetu nikiwa na vifurushi na hamu yangu yote. Mlango wake ulikuwa wazi. Barazani alikaa mwanamume mwenye mvi, kofia kichwani, na gunia la ngoma miguuni pake, lililo tupu. Nilichukua pumzi ili niite.

Akanyanyuka upesi, kidole mdomoni.

"Usipige hodi," alinong'ona. "Wanarikodi."

Alikuwa Makame. Mimi nimelelewa kwamba kuingia kwa mtu bila ya hodi ni ufidhuli mkubwa, na yeye kalelewa hivyo hivyo, na alinikataza kwa uso mkali wa mlinzi wa msikiti. Tukasimama. Juu, kupitia mianya ya dirisha lililofungwa, ilikuja sauti ya Mize, ndogo kwa mbali, imekomaa. Ghafla ikakatika. Dirisha la ghorofani likafunguliwa, na kichwa cha Mkunga kikatokea, kimekuwa kidogo, hedifoni kubwa juu ya mtandio.

"Makame! Umekohoa."

"Sijakohoa, Bi Mkunga. Nimesema na mgeni."

"Mikrofoni haijali umesema na nani. Imekusikia. Mkeo anaanza upya kwa ajili yako."

"Naam, Bi Mkunga. Nisamehe."

Ndipo akaniona mimi. Alinitazama kwa muda, na furaha ikamjaa uso mzima, na mimi machozi yakanijaa. Nilitaka kumwita kwa sauti yangu yote. Nikasema shikamoo kwa midomo tu, bila ya kutoa sauti, na yeye kwa midomo tu akanijibu marahaba. Halafu akaashiria miguu yangu kwa kidole: viatu. Nikavivua. Akafunga dirisha.

Makame alinipisha barazani nikakaa. Alikuwa ameshavua kofia yake na kuishika tayari mbele ya mdomo, kikohozi kisije kikamponyoka. Juu, ngoma ikaanza.